Ulimi Wangu Mbele ya Daktari Hua

Jumatatu, 8 Julai

Juma lililopita mwenzetu mmoja alizirai kwa joto ghorofa ya tisa. Leo nyapara Geng ametangaza: Ijumaa anakuja Daktari Hua, yule bibi wa dawa za asili, kukagua ndimi zetu aone nani mgonjwa. Mwenye ulimi mbaya hapandi tena jukwaa la ujenzi. Anafungasha, anarudi kwao.

Kwetu Guizhou nyumba ina kuta, haina paa. Mama na mke wangu Caiyun wamejibanza kwa shemeji mpaka nitume pesa za hilo paa. Siwezi kurudi!

Nimeazima kioo cha Lu Shigen, anayelala kitanda cha juu yangu. Ulimi una utando wa manjano! Pembeni alama za meno, kama mtu kaung'ata. Lu akachungulia, akasema pole kaka Mou, huo ni unyevu wa mwili umechanganyika na moto, tena umehamia humo na godoro lake. Akacheka. Watu wa Hunan wanakula pilipili kama karanga, hawajui hofu.

Jumanne, 9 Julai

Mpango. Langoni yupo mama anayeuza chai chungu ya majani, ile ya kupoza moto wa mwili. Wenyeji wa hapa Foshan hunywa bakuli moja. Mimi nimekunywa matano. Mama akaniuliza kama nimemeza jiko.

Jumatano, 10 Julai

Chooni. Chooni tena. Mikono ya baridi katikati ya Julai! Ulimi umepauka kama tofu. Lu anasema sasa nimevukia upande wa pili, ni baridi tupu, na wanaoelekea kaburini huanza hivyo hivyo. Sikujua kama anatania. Nimetafuna kipande kizima cha tangawizi na kula matunda ya laichi nusu ndoo, kurudisha joto.

Alhamisi, 11 Julai

Fizi zimevimba. Pua inatoka damu. Utando wa manjano umerudi, mnene kuliko mwanzo. Nimemwuliza Lu yeye ataufanya nini ulimi wake. Akasema atautoa nje akiambiwa, halafu ataurudisha. Mjinga! Nimesinzia saa ya chakula cha mchana, nikaota nimeshuka basi kijijini na mama ananiuliza paa nimelisahau wapi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeamka kabla ya wote. Nimeusugua ulimi kwa mswaki na chumvi mpaka ukawa mwekundu, unang'aa, hauna hata doa.

Foleni. Lu alikuwa mbele yangu, ulimi manjano kama haradali. Daktari Hua akamwambia apunguze pilipili, pita. Wa mbele yake manjano, pita. Wote manjano, wote wamepita! Bibi akasema mwezi huu huku kila mtu ana unyevu, hata mbwa wa lango.

Zamu yangu. Bibi akavaa miwani. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu. Mapigo yanakimbia kama mwizi. Akasema ulimi usio na utando kabisa ni tumbo lililokaukiwa maji yake, na yeye huuona kwa mahututi tu. Halafu akaniinamia: mwanangu, umeusugua? Nikaapa sijaugusa. Ningekiri, Geng angenifukuza palepale kwa udanganyifu. Geng mwenyewe ananitazama kama jeneza linalotembea.

Bibi kanipa hadi Jumatatu. Nile uji mtupu, nilale, nisiuguse ulimi kwa kitu chochote. Utando ukirudi, nabaki. Usiporudi, napanda basi la kwetu.

Jumapili, 14 Julai

Siku mbili za uji. Nimelala mpaka mbavu zinauma. Asubuhi nimetoa ulimi: waridi, utando mweupe, mwembamba. Lu akapiga kofi, akasema huo ndio ulimi wa mtu mzima wa afya, kaka nakusihi uuache ulivyo.

Nimeufikiria kutwa nzima. Waliopita wote walikuwa na manjano. Mwenye weupe hakuwapo hata mmoja! Huyu Lu ananitakia nini?

Nimemwomba mpishi mayai manne ya bata ya chumvi. Sehemu nyeupe nimempa Lu, akala bila kuuliza. Viini, manjano tupu, nimevifunga kwenye karatasi. Kesho nitavitafuna nikimsubiri bibi, taratibu, nivisambaze mpaka nyuma kabisa. Daktari Hua akitaka utando, ataukuta wa kukata kwa kisu.