Bikoni Nane Ndani ya Ntumba

Jumatatu, 17 Februari

Leo nimenyang'anywa nchi. Ni ndogo, inaanzia kwenye kamba ya kuanikia nguo na kuishia mtoni, lakini hata nchi kubwa zilianza hivyo.

Aliyeninyang'anya ni Bi Victoria, mtaalamu wa maji aliyeletwa na serikali. Mpole, kofia pana, mabuti ya mvua. Alishika ncha ya tepu ukingoni mwa Mto Kantembo, ncha nyingine akaniomba nimshikie. Nikashika. Mimi Adolfu sijawahi kumnyima mtu msaada. Nikapanda mteremko, napita majani yaliyoota mahali pa kabichi zangu za mwaka jana, navuta, navuta. Aliposema basi, mita sitini, nilikuwa nimesimama chini ya soksi zangu. Hapo mafundi wake wakachimbia bikoni, nguzo fupi ya mpaka ya zege. Kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Kuanzia bikoni kushuka mtoni, marufuku kulima. Yaani nimejitoa shambani kwa mkono wangu mwenyewe, na nikashukuriwa.

Mkutanoni Bi Victoria alisema mto ni wetu, tuulinde wenyewe, serikali itatushika mkono. Atarudi kukagua Wiki ya Maji mwezi ujao. Kingo zote mbili zikiwa salama, jumuiya yetu ya watumia maji itapata miche mia tano, mizinga kumi ya nyuki, na bomba. Bomba litawekwa kule chini kwa shangazi Bertilla, ambako kila Agosti mto hubaki tope na akina mama huchota kwa kikombe. Upande mmoja ukiharibu, tumekosa wote.

Mwenyekiti wa jumuiya ni Zenon, jirani yangu wa ng'ambo ya mto. Walimchagua kwa sababu ana faili. Mimi nimevuka ziwa kutoka Kabwe hadi Mpulungu, nimeishi Tunduma miezi saba, nasalimia kwa Kibemba bila kusitasita. Lakini sina faili. Naye kapigwa bikoni nne kama mimi, na akatabasamu zikichimbiwa. Mtu anayetabasamu akinyang'anywa shamba ni wa kuogopwa.

Jumatano, 19 Februari

Nimepata!

Nilikuwa nakula, natazama kilima cha mbele. Ntumba tupu, matuta yetu ya mviringo, duara kwa duara mpaka mbinguni. Wageni wanazipiga picha. Sisi Wafipa hatuzioni tena, maana tumezaliwa tukizikuta: unakata majani pamoja na udongo wake, unapindua, unarundika, majani yanaozea ndani, mwakani una mbolea ya bure. Sasa, bikoni inafika gotini. Ntumba nzuri inafika pajani. Hesabu hiyo haihitaji kidato cha nne. (Mimi niliishia cha pili. Mtihani niliuelewa vizuri, mtihani ndio haukunielewa.)

Nitazifukia. Bi Victoria akija ataona ukingo safi, hakuna mahindi, hakuna kabichi, atafaulisha. Shangazi atapata bomba lake. Bi Victoria akishaondoka, Aprili, bikoni zikiwa zimelala usingizi, kabichi zangu zinaamka. Hakuna anayeumia. Na ukaguzi ni wa mto, si wa zege.

Tatizo moja. Ntumba nne peke yake ni ushahidi. Ntumba mia mbili ni mila.

Rosina aliniuliza mia mbili nitazilima na nani, wakati bawaba ya mlango wa choo imenishinda tangu Krismasi. Mke wangu ana akili lakini haoni mbali. Nikamwambia: pombe.

Jumamosi, 22 Februari

Ushindi mkubwa. Herufi zangu zimelewa. Mimi mwenyewe kidogo tu.

Pombe ya kimpumu aliyopika Rosina kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa dada yake imepata kazi ya kitaifa. Rosina hanisemeshi. Atanielewa.

Alfajiri, kabla mtu hajafika, nilifukia bikoni zangu nne kwa jembe langu. Juu ya kila moja nikachomeka kijiti cha mti wa mlingoti ili nisizipoteze. Kisha watu wakaja, thelathini na mmoja. Niliwatangazia kwamba tunaandaa ntumba za miche ya serikali, kila mche ukute kitanda chenye mbolea. Uongo huo niliutunga palepale nikiwa nafunga suruali. Wakapiga vigelegele. Mmoja akasema Adolfu angefaa ubunge. Sikumkatisha.

Walilima kama watu waliotukanwa. Hadi jua la utosi zilikuwa mia mbili na kumi na nne, na bado walitaka kuendelea.

Shangazi Bertilla naye alipanda kutoka kule chini, na miaka yake sabini na ushee, akalima kumi na moja. Nilichuchumaa nikampigia makofi ya heshima, shikamoo shangazi. Akaitikia marahaba huku macho yake yakinipita na kupanda mteremkoni. Aliuliza zile nne za juu zimelimwa na nani. Nikasema mimi. Akasema zinaonekana zimeshiba mapema.

Sikumwelewa. Uzee.

Jumatatu, 24 Februari

Jana baada ya misa Zenon alikuja kwangu na faili. Alihesabu ntumba zote, akaandika, akasema huu ni mchango wa nguvu za wananchi na Bi Victoria atafurahi. Aliusema wema huo kama mtu anayemeza kwinini.

Leo asubuhi kaleta kwaya nzima upande wake. Kwaya! Wanalima kwa sauti nne. Kufikia jioni wamemaliza mia mbili na arobaini, ishirini na sita zaidi yangu, tena wamepanda nazo hadi juu kabisa. Nimetazama bikoni zake kwa mbali sikuziona. Macho yangu yanahitaji miwani. Au ni moshi wa jikoni.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padre kanikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Nimerudi nyumbani nikakuta hata mavumbi yana nafuu.

Maharage yameota juu ya ntumba zangu. Zote. Rosina, kwa hasira ya pombe yake, alipanda wiki iliyopita bila kuniambia. Nilimuuliza vijiti vinne vya mlingoti viko wapi. Akasema amevipikia uji.

Nikamwambia hapo ni marufuku kulima. Akanijibu kwamba amepanda juu ya ntumba za serikali, kwa hiyo serikali imlipe pombe ya kipaimara. Huyu mwanamke ningemkuta Tunduma tungetajirika.

Kwa hiyo hali ni hii: bikoni nne, ntumba mia mbili na kumi na nne, na mimi sijui ipi ina nini. Nilikumbuka ya kwanza ilikuwa karibu na kichuguu. Kichuguu nacho kimelimwa kuwa ntumba. Nililewesha watu wenye bidii mno.

Jumatano, 19 Machi

Kesho ukaguzi. Mvua imepiga siku tisa mfululizo.

Jana kwenye tangazo la mtaa nilisikia kitu kilichonikausha mate. Mgeni anaanza ukaguzi kwa kuhesabu bikoni. Pungufu hata moja, bomba na mizinga vinaenda kwa jumuiya nyingine ya huko Laela.

Leo kulipopambazuka nikashuka na spoku ya baiskeli, nikawa nachoma ntumba moja baada ya nyingine nikisikiliza kama itagonga. Nimechoma thelathini. Zote laini kama maandazi. Nikainua macho. Ng'ambo ya mto, kwenye ukungu, Zenon anachoma ntumba zake kwa ncha ya mwavuli.

Naye akainua kichwa, akaniona.

Akapaza sauti kwamba anapima unyevu. Nikapaza sauti kwamba hata mimi. Akasema unyevu ni mzuri. Nikasema mzuri sana. Kila mtu akaenda kwake.

Kumbe mwenyekiti naye kafukia! Mwenye faili! Ningecheka, ila nilipogeuka shangazi Bertilla alikuwa amesimama na ndoo yake, ametoka kuchota huku juu kwa sababu kule chini ng'ombe wamevuruga. Kutoka kwake hadi hapa ni mwendo wa kumaliza rozari nzima. Alitazama spoku. Nilimbebea ndoo hadi kwake, na njia nzima maji yalikuwa yananimwagikia shingoni, na kila tone lilikuwa linaniita jina.

Sijala chakula cha mchana. Iandikwe.

Alhamisi, 20 Machi

Kalamu, tulia. Niandike kwa mpangilio.

Walikuja watu arobaini, na Bi Victoria, na wakubwa wawili wenye fulana za Wiki ya Maji. Kwaya iliimba. Zenon alisoma risala, jasho likimtiririka hadi kwenye faili. Bi Victoria akatazama kushoto, akatazama kulia, akauliza kwa upole bikoni zake nane ziko wapi.

Watu wakageuka kumtazama mwenyekiti.

Zenon alinitazama. Sijawahi kuona mtu akizama nchi kavu. Ningeweza kumwacha. Ningeweza kusema yeye ndiye mwenyekiti, aulizwe yeye, nami nikaonekana malaika. Nilifikiria hivyo kwa muda wa pumzi moja, nakiri. Kisha nikaona watoto wake watatu wamesimama nyuma yake na sare za shule, wanamtazama baba yao.

Nikajitokeza. Nikasema mheshimiwa, bikoni zipo, tumezihifadhi. Nikaeleza kuhusu wezi wa vyuma chakavu, wanaovunja zege wachukue nondo, na kwamba mwenyekiti wetu Zenon na mimi tulikubaliana tuzilaze ndani ya ntumba hadi siku ya leo. Zenon akaitikia kwa kichwa mara saba. Mkubwa mmoja akasema hiyo ni busara. Bi Victoria hakusema ni busara. Alisema tuzitoe.

Nikashika jembe. Nikachagua ntumba kwa kujiamini, nikapasua. Majani. Nikachagua nyingine. Majani na chura. Ya tatu, chura yuleyule nadhani. Watu wakaanza kukohoa. Nikasikia jina la Laela likitajwa.

Ndipo shangazi Bertilla akaweka ndoo chini. Akapita mbele ya wakubwa bila haraka, akasimama kwenye mstari wa juu, akanielekeza kwa kidole cha mguu. Hapa. Nikalima. Bikoni. Akasogea. Hapa. Bikoni. Nne zote, kisha akakunja kanga, akavuka mto, akafanya vilevile kwa Zenon. Nane. Hakukosea hata moja.

Bi Victoria akamuuliza, mama umejuaje. Shangazi akamwambia atazame maharage. Juu ya ntumba yenye majani tumboni, maharage ni ya kijani na yamenona. Juu ya zile nne zangu ni ya manjano, yamedumaa, na upande wa Zenon, pasipo maharage, juu ya nne zake hata magugu yamegoma. Akasema, "Ntumba inakula majani. Hawa waliilisha mawe." Kisha akanitazama mimi, akasema mbele ya wote kwamba bila shaka ni kwa ajili ya wezi, kama mwanangu alivyoeleza. Na maneno hayo ya mwisho aliyasema polepole.

Watu walicheka hadi wakashikana. Hata mimi.

Sasa sikiliza. Bi Victoria akashuka ukingoni, akachota maji kwa chupa, akainua kwenye mwanga. Meupe! Siku tisa za mvua na Kantembo haujabeba tope, maana ntumba mia nne na hamsini na nne zimezuia udongo wote wa mteremko. Alipima kwa tepu, mita sitini kamili. Akauliza nani alibuni kuandaa ntumba hizi ziwe vitanda vya miche. Watu thelathini na mmoja wakasema Adolfu. Ule uongo wa suruali. Ulikuwa umekomaa ukawa kweli bila kuniomba ruhusa.

Tumefaulu. Maharage ya Rosina yatavunwa, kisha basi, ntumba zinakuwa za miti tu. Bomba linaanza kuchimbwa wiki ijayo. Zenon alinishika mkono akashindwa kuachia. Nimechaguliwa msimamizi wa miche, na nimepewa kofia.

Jioni nilimpelekea shangazi sukari. Akasema jambo moja tu: shamba langu sasa lina miti mia mbili na kumi na nne, na mimi ndiye nitakayeikinga na mbuzi. Nikasema kwa heshima zote, shangazi. Nchi yote imeenda. Lakini kofia inanikaa.

Jumamosi, 29 Machi

Bomba limefika nusu ya njia. Shangazi anakwenda kila siku kuwasimamia mafundi, na wanamwogopa.

Leo imeletwa mizinga kumi. Ubishi ukazuka iwekwe wapi. Kila mtu ana watoto, kila mtu anaogopa nyuki. Nikasimama, nikavua kofia, nikasema jumuiya isisumbuke, yote kumi iwekwe upande wangu. Watu walinipigia makofi. Zenon aliandika kwenye faili kwamba ni kujitolea kwa hali ya juu.

Wasichojua ni hiki. Bi Victoria anarudi Septemba na tepu yake. Sasa nauliza, kistaarabu kabisa: nani atavuta tepu mita sitini katikati ya makundi kumi ya nyuki? Kati ya mzinga na mzinga ninaona nafasi. Si kubwa. Kabichi sitini hivi, sabini nikibana.

Leo mchana nimekwenda kupima nafasi zenyewe. Naandika haya kwa jicho moja, na mkono wa kushoto, na Rosina anasema mdomo wangu wa juu umefika sebuleni kabla yangu. Haidhuru. Ina maana ulinzi unafanya kazi.

Mbegu nimeshaloweka.