Kodi ya Kazi ya Pili

Jumatatu, 3 Juni
Karatasi ya mshahara imetoka. Nimeibiwa mchana kweupe! Kibarua chenyewe ni kurudisha vitabu kwenye rafu za maktaba ya chuo, saa kumi kwa wiki, na kodi imekula karibu nusu. Mwenzangu wa zamu, Mnyoofu, mwanafunzi kama mimi, hajakatwa hata senti. Kanishauri nikamwone karani wa mishahara. Upole wake unaniudhi. Ada ya mtihani mwisho Alhamisi. Nisipolipa, Ijumaa sifanyi mtihani, na shangazi anayenilea keshasema nikifeli tena nitafute pa kuishi.

Jumanne, 4 Juni
Karani kanieleza. Kwenye fomu ya kodi nilijaza kazi mbili. Ni kweli! Nilisikia kila kazi ina msamaha wake wa kodi, nikabuni ya pili nipate misamaha miwili: mpanga mafaili, ghala la chini. Kumbe msamaha ni mmoja kwa kila mtu, na mishahara yote miwili ikijumlishwa nimevuka kiwango ambacho mwanafunzi hakatwi kodi. Nikamwuliza, mshahara gani wa pili? Akasema nimeshauchukua, taslimu. Akanionyesha daftari la mahudhurio. Sahihi yangu, kila siku, saa nane mchana. Yangu kabisa, ila nadhifu.

Jengo halina ghala la chini.

Karani akasema niandike barua kukiri kwamba nilidanganya, nirudishiwe kodi kesho yake. Nikamshukuru sana. Nikiri, halafu niache mshahara mzima ukaliwe na mwingine? Thubutu!

Jumatano, 5 Juni
Mpango: kumvizia mwizi. Saa nane kasoro nimejibanza nyuma ya toroli la vitabu. Mama wa usafi akapita, akashangaa nimepanda juu saa ngapi, maana ndiyo kwanza tumesalimiana nikishuka ngazi. Nikauliza ngazi zipi. Akaonyesha ukuta nyuma ya rafu ya ramani, akaenda zake na ndoo.

Ukuta mtupu. Nikatega sikio. Nyuma yake droo ikavutwa. Mtu akapiga mluzi, wimbo ninaoupiga mimi nikifanya kazi, ila yeye hakosei. Niliporudi kwenye daftari, sahihi ilikuwepo, wino mbichi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda dirisha la ada kuomba siku mbili. Mhasibu akasema nimelipa asubuhi, yote, na kadi ya mtihani nimechukua. Akaniuliza kama nalala vizuri. Kwanza niliogopa. Halafu nikafurahi. Mwizi wangu ananilipia! Mnyoofu kanisihi niandike ile barua ya karani leo leo, eti ananihofia. Wivu huo. Sikufungua kitabu hata kimoja.

Ijumaa, 7 Juni
Mlangoni mwa ukumbi msimamizi kanizuia. Jina langu limeshawekewa alama, niko ndani. Nikachungulia dirishani. Shati langu la mistari. Kisogo changu. Mkono unakimbia, halafu ukanyooshwa juu kuomba karatasi ya ziada. Sijawahi kuomba karatasi ya ziada maishani! Nikakaribia kulia. Kisha nikajiambia, akifaulu nimefaulu, nikazurura mjini kama mtu mwenye likizo.

Jioni nimebisha hodi nyumbani. Shangazi akauliza nani, bila kufungua. Nikasema mimi, mwanao. Akajibu mwanawe yuko mezani anakula, na kama ni utani niupeleke kwingine. Sauti yake ilitetemeka. Nyuma yake nikajisikia mwenyewe nikiuliza, kwa adabu, shangazi kuna nini? Komeo likasukumwa.

Naandika nimekaa ngazini, nje ya mlango. Naogopa, sifichi. Barua ya karani ningeweza kuiandika hapa hapa, peni ninayo. Lakini ndani ya mkoba nilikuwa na fomu moja tupu ya kodi. Nimeshajaza kazi ya tatu: mfungua mlango, nyumba ya shangazi. Na safari hii mshahara nachukua mwenyewe.