Kilemba cha Mjomba

Jumatatu, 4 Desemba 1989. Malindi.

Msiba. Wakili Mwaura ameniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia biashara yetu imekwisha. Sheria ya mawakili imekazwa. Wakili akimlipa mtu kwa kumletea mteja aliyeumia, huenda akafutwa uwakili. Nikamuuliza, hata kidogo? Akasema hata soda. Nilikuwa nimeshika soda aliyoninunulia mwenyewe. Akanipokonya.

Miaka yote hii mimi ndiye jicho lake. Gari likigongana na gari, mimi nafika kabla ya polisi. Watu wa sokoni huniita dalali wa mifupa. Husuda tupu. Mimi ni mwelekezaji. Mtu amevunjika, amelala, hajui haki yake. Namwelekeza kwa wakili, na fidia ikitoka nami napata fungu langu. Nani amedhulumiwa hapo? Mwaura anasema aliyedhulumiwa ni huyo huyo aliyevunjika, kwa kuwa mwisho wa yote fungu langu hutoka mfukoni mwake. Sikuwahi kulitazama hivyo. Nimelitazama kidogo, nikaliacha.

Zeina, mke wangu, amefurahi. Kasema sasa nitafute kazi. Nimekula wali wangu, nikaenda zangu kulala.

Jumanne, 5 Desemba.

Nimepata! Imenijia nikitia udhu. Sheria inamkataza wakili kumlipa mwelekezaji. Haimkatazi mteja kumpa mjomba wake kilemba. Arusi zetu zote mjomba hupewa kilemba chake, na sijasikia hakimu aliyemfunga mjomba. Basi kuanzia leo mimi si mwelekezaji. Ni mjomba. Kilichobaki ni kumpata mpwa aliyevunjika.

Nimemweleza Zeina. Kaniuliza kama najua kazi ya mjomba. Nikamwambia kazi ya mjomba ni kupewa.

Jumatano, 6 Desemba.

Mpwa amepatikana. Mgema mmoja wa Matsangoni, jina lake Kahonzi, bado kijana. Alikuwa ameteremka mnazini, amesimama kando ya barabara na kibuyu chake, lori la chumvi likamfuata huko huko kando. Mguu wa kulia umepondeka chini ya goti. Wamemleta hospitali hapa mjini.

Nimevaa kanzu ya Ijumaa nikaenda. Mlangoni yuko sista Monicah, mwanamke wa bara, mrefu, hacheki. Akasema saa za kuona wagonjwa zimepita, wanaingia jamaa wa damu tu, na madalali wa mawakili ameagizwa awafukuze. Nikainamisha kichwa, nikasema mimi ni mjomba wake. Akaitazama kanzu. Nikamfahamisha kwamba marehemu babangu alioa Matsangoni. Pwani hii kila mtu ana ndugu wa Kigiriama akitafuta vizuri. Akasema vyema, nimekuja wakati mzuri. Mgonjwa anahitaji damu.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nimetoa damu. Nilizirai kabla ya sindano kuingia, nikazirai tena ilipotoka. Kahonzi mwenyewe homa imempanda, hajui aliko. Hakuweza kunikana. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 7 Desemba.

Leo niliaga dunia kwa muda. Nimekaa kando ya kitanda nikimfukuzia nzi, kaingia mama mwembamba wa Kigiriama, miguu ina vumbi hadi magotini. Mamake Kahonzi, Nyevu. Sista Monicah akamwambia asiwe na wasiwasi, kaka yake yuko hapa tangu jana. Nikatazama mlango, uko mbali. Dirisha, lina vyuma.

Nyevu alinitazama. Alinitazama sana. Kisha akamuuliza sista ni nani aliyetoa damu. Sista akaninyooshea kidole. Yule mama akaja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Kaka, umechelewa miaka mingi, lakini umefika."

Sista alipotoka akaniambia pole pole kwamba babake Kahonzi alikufa, na ndugu zake yeye wote wamekufa. Hanijui, wala haulizi nataka nini. Lakini nimetamka mbele za watu kwamba mimi ni ndugu yake, na neno kama hilo kwao mtu halitemi akalilamba. Kisha akaniambia mchango wa gharama za hospitali haujalipwa, na yeye hana pa kulala.

Amelala kwetu. Zeina amemwita wifi, akamtandikia kitanda changu. Mimi niko ukumbini na paka.

Ijumaa, 8 Desemba.

Kiponda! Nilijua atatokea. Huyu zamani tulikula sahani moja. Sasa anamwelekezea watu wakili mwingine, na ajali zote za barabara ya Kilifi anajiona amerithi. Nimetoka msikitini nikaenda hospitali, namkuta mlangoni akimwambia sista Monicah kwamba yeye ni babake mdogo Kahonzi. Amevaa tai.

Nilitaka kumfichua. Nikakumbuka nikimfichua naye atanifichua. Nikamwamkia kama shemeji. Akaitikia kama shemeji. Nyevu akamtazama yeye pia, akamtazama sana, akasema ndiyo, ni shemeji yake, na damu bado haijatosha.

Kiponda ametoa damu bila kuzirai. Sitamsamehe.

Kisha tukabishana wodini nani wa karibu zaidi, wa kwa mama au wa kwa baba. Kila mmoja akataja mababu. Wagonjwa waliokuwa hoi wakaketi kusikiliza. Sista Monicah ametutoa nje sote wawili kwa masikio, na Nyevu akatutuma tukanunue machungwa.

Jumamosi, 9 Desemba.

Kahonzi alipata fahamu kidogo asubuhi. Nikajitayarisha kukanwa. Hakuuliza mimi ni nani. Aliuliza minazi yake inagemwa na nani. Mnazi ukianza kugemwa hauachwi, asubuhi na jioni lazima mtu apande, la sivyo utomvu unakatika na kazi yote ya nyuma imepotea. Nyevu akamwambia alale, mjomba atatafuta mtu.

Mjomba! Mimi, ambaye kwetu tembo la mnazi halijavuka kizingiti tangu enzi za babu, nimeshinda Matsangoni nikitafuta mgema. Nimevua kofia nisijulikane. Nimempata mzee mmoja, Kiponda kalipa nusu.

Nilikaa chini nikamtazama akipanda. Mguu wa kulia ndio unaotangulia. Vidole vinashika tundu lililochongwa kwenye shina, kisigino kinabana, halafu mwili wote unapanda juu ya mguu ule mmoja. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Nikaukumbuka ule mguu kitandani, umefungwa mabandeji, na vidole vinachungulia vimevimba. Nikaona huzuni ya kweli. Labda ni njaa, maana sikuwa nimekula.

Jumatatu, 11 Desemba.

Asubuhi nilipita kwa Mwaura. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nazi, mguu hulipwaje. Akasema mguu uliovunjika ukaunga, fidia yake ya wastani. Uliokatwa, mara nne, hata mara tano. Nikamshukuru. Njia nzima nilikuwa nakigawa kilemba changu.

Adhuhuri daktari ametuita jamaa. Kidonda kimeoza pembeni. Anapendelea kuukata mguu chini ya goti, mgonjwa apone bila shaka. Anaweza kungoja siku mbili hivi aone kama dawa zitashinda, lakini sumu ikipanda, atamkosa mgonjwa mwenyewe kwa ajili ya mguu. Anataka jamaa waamue, maana Kahonzi homa imemrudia na anazungumza na minazi.

Nyevu akasema baba hayuko, na yeye mwenyewe moyo umemkataa. Kaka yake ndiye atakayesema.

Wote wakanitazama. Kiponda akanisogelea sikioni, akaniambia kata, ni mara tano. Kumbe naye ameuliza wakili wake. Asubuhi neno hilo lilikuwa kichwani mwangu, nikaliona la akili kabisa. Lilipotoka kinywani mwa Kiponda nikaona aibu kulisikia. Nikamwambia daktari nitamjibu kesho.

Nyumbani nimemweleza Zeina. Kaniuliza angekuwa mpwa wangu kweli ningesemaje. Nikamwambia hilo silo swali. Akasema hakuna jingine.

Jumanne, 12 Desemba.

Nimemwambia daktari angoje.

Akaniuliza kama nafahamu maana yake. Nikasema nafahamu. Sikufahamu. Nilichojua ni kwamba mgema akikatwa mguu hatapanda tena maisha yake, na akifa hatapanda tena pia, na katika hayo mawili mimi ndiye niliyepewa kuchagua, mimi niliyekuja hapa kutafuta fungu. Niliogopa. Ningempa mtu yeyote ujomba huo bure. Nilimtazama Kiponda, akatazama dari.

Nyevu aliketi sakafuni, akanyoosha miguu, akashika ncha ya shuka ya mwanawe.

Nilitoka nyuma ya jengo, pale wanapoanika mashuka, nikalia. Ni upungufu wa damu. Kiponda akanifuata, akanipa leso yake. Ilikuwa chafu. Nimeitumia.

Jumatano, 13 Desemba.

Hakuna mabadiliko. Nimeswali sunna ambazo sikuwahi kuziswali. Nimemwomba Mungu mambo mawili, apone, na asife. Baadaye nikaona ni jambo moja.

Alhamisi, 14 Desemba.

Homa imeshuka! Daktari amefungua bandeji, amenusa, ametikisa kichwa kwa namna ambayo nilidhani ni mbaya, kumbe ndivyo anavyofurahi. Mguu unabaki. Hautakuwa kama wa zamani, goti huenda likakakamaa. Kupanda mnazi, labda, baada ya muda mrefu. Labda asipande. Lakini atasimama juu ya miguu yake miwili.

Kahonzi alinitazama akiwa na akili zake timamu kwa mara ya kwanza. Akamuuliza mamake huyu bwana ni nani. Nyevu akasema ni mjomba wako. Kahonzi akafikiri, akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba.

Nyumbani nimemwambia Zeina kwamba ilikuwa mbinu. Mteja mwenye miguu miwili hushukuru kuliko mwenye mmoja. Zeina amecheka mpaka akaketi chini.

Jumamosi, 23 Desemba.

Wakili Mwaura amekuja hospitali mwenyewe kuichukua kesi. Siku kubwa. Nimevaa kanzu. Kiponda kavaa tai. Mwaura akamweleza Kahonzi mbele yetu kwamba mwenye lori ana bima, kesi itachukua muda, na fidia ikitoka, ukitoa gharama za wakili, iliyobaki ni yake yote. Asikubali mtu kuimega. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Kisha akamuuliza kama kuna mtu anayeona anapaswa kumkumbuka.

Kahonzi akasema yuko. Mjomba wake.

Kilemba! Nikaangalia chini kwa adabu. Ndipo Nyevu akaingilia. Akamwambia mwanawe asiwe mjinga, mjomba halipwi na mpwa. Hilo ni kumtukana. Mjomba hukumbukwa siku ya arusi. Na kwa kuwa Kahonzi ana mchumba Rabai anayemngoja tangu mwaka jana, mjomba atakumbukwa karibuni sana, maana ndiye atakayeongoza wazee kupeleka mahari, na ndiye atakayetoa mbuzi. Shemeji Kiponda atatoa wa kwa baba.

Mwaura alitoa leso akajifanya anapenga kamasi. Nilimwona mabega yakitikisika.

Jioni nimemkuta Kiponda mnadani anauliza bei ya mbuzi. Amesema alikuwa anapita tu. Nikamwambia nami napita tu. Tumewashika mbuzi wengi.

Jumapili, 31 Desemba.

Mwaka unaisha na mimi nimeerevuka. Asubuhi imefika habari kwamba basi limepinduka njia ya Magarini. Zeina akasimama mlangoni, akaniuliza kama yote haya hayajanifunza kitu. Nikamwambia yamenifunza sana. Ujomba ni hasara. Uamuzi wote kwake, mbuzi wote kwake. Anayefaidi ni binamu wa mbali. Haulizwi neno, na watu wakigawana shukrani amesimama karibu. Safari hii nitakuwa binamu, tena wa mbali kabisa. Nyevu, ambaye bado yuko kitandani kwangu, amenifungia mihogo ya njiani.

Nimefika zahanati, Kiponda keshafika, kwa baiskeli ya kuazima. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Majeruhi wote walikuwa na watu wao, wanalia, wanapepewa. Isipokuwa mzee mmoja pembeni, mkono umevunjika, amekaa wima kabisa kwenye benchi. Kila mlango ukifunguliwa anageuka kutazama. Kisha anarudisha uso. Ukifunguliwa tena, anageuka tena. Muuguzi akauliza huyu ni wa nani. Hakuna aliyejibu. Kiponda akakohoa, akarekebisha tai.

Nikamtangulia. Nikasema mimi ni mwanawe.

Jambo hili nimelipigia hesabu tukirudi, na halina kasoro. Mwana haombi kilemba, mwana hurithi, na sijasikia sheria inayomkataza wakili kumjua mwana wa mteja wake. Kiponda amekasirika, lakini mzee alipokwisha kufungwa mkono amembeba kwa nyuma ya baiskeli hadi barabarani.

Mzee amelazwa ukumbini, kwenye mkeka wangu. Zeina anamnywesha uji, kanipa mgongo. Sasa hivi mzee ameuliza kama hapa ndipo kwake. Nimemwambia ndiyo, baba, ni kwako. Mteja ni lazima astareheshwe.