Upande Wenye Kina

Siku manispaa ilipofungua ufuo wa kuogelea katikati ya bustani ya jiji, mchanga wa kuletwa na malori, maji ya kuletwa na mabomba na kiingilio bure, watu wote walifurahi. Bwana Asali peke yake alisikitika. Kitu kizuri kama kile kugawiwa bure kilimuuma kama jino bovu.

Akaenda kuazima suti ya shemeji yake, mume wa dada yake, mshereheshaji wa harusi mwenye suti moja tu duniani. Bwana Asali alikuwa akilala kwenye kochi lao.

"Saa tisa iwe hapa, nina kazi," shemeji alisema.

"Na ikirudi na doa," dada akaongeza, "utafute kochi lingine."

Asubuhi hiyo hiyo akafunga kamba kutoka mtini hadi ukingoni mwa maji, akaugawa ufuo.

"Kule ni kwa kila mtu," aliwatangazia watu. "Huku ni kwa wageni rasmi. Huku kuna kina."

"Si maji yale yale?" aliuliza mwenye duka la vipodozi.

"Mama, wewe na jirani yako si mnavuta hewa ile ile? Mnafanana?"

Mwenye duka akalipa kiingilio. Akafuata mwalimu mkuu mstaafu, kisha wengine. Walipoingia wakakuta maji yanaishia magotini. Lakini nani akiri hadharani kwamba amelipia magoti? Wakachuchumaa mpaka yakawafika shingoni.

"Kina hiki si mchezo," mwalimu mkuu alisema, na wenzake wakaitikia.

Bwana Asali, ambaye maishani hakuwahi kuingia kwenye maji yanayozidi beseni, aliziona zile shingo akashangaa. Kumbe kina kipo kweli. Akapandisha bei, na mifuko ya koti la shemeji ikavimba.

Ndipo akaja mama mmoja na kikapu chake. Akawatazama waliochuchumaa, akamtazama mwenye suti, akatabasamu kidogo. Mara kandambili yake ikaonekana inaelea upande wa wageni rasmi. Wapo wanaoapa kwamba aliirusha mwenyewe.

"Msimamizi, nisaidie kandambili yangu."

"Itarudi yenyewe, mama."

"Kwani msimamizi hajui kuogelea?" Aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote.

Shingo zote zikageuka. Akikataa, biashara imekufa. Akiilowesha suti, kochi limekwenda. Bwana Asali akavua koti, shati na suruali, akavikunja vizuri, akabaki na chupi.

"Nishikie, mama. Ni vya shemeji yangu hivyo."

"Mwanangu, usiwe na wasiwasi."

Akafumba macho, akamkumbuka Mungu kwa mara ya kwanza mwaka ule, akajitupa. Tumbo likapiga mchanga. Akasimama na kandambili mkononi, maji yakiwa magotini, akawatazama wageni rasmi. Nao wakatazama pembeni.

Alipogeuka, mama hayupo, kikapu hakipo, suti haipo.

"Shemeji!" Mshereheshaji alikuwa anakuja mbio, amevaa kaptula na viatu vya kung'aa. "Nimeona nikufuate huku huku, nimechelewa. Suti iko wapi?"

Bwana Asali alijaribu kuzama. Maji yakamkatalia. Basi akachuchumaa taratibu kama wateja wake, mpaka yakamfika shingoni, akanyoosha mkono na kumkabidhi shemeji kandambili moja, ya kushoto.

"Shemeji," alisema, "kina hiki si mchezo."