Malalamiko kwa Mshenga Kuhusu Redi ya Ndani na Redi ya Kadi

Kiseke, Mwanza

Kwa Mshenga wetu mpendwa, Mzee Luhende,
Sengerema.

...na hapo ndipo simu ilipokatika, Mzee wangu, kabla sijafika penye uchungu wenyewe. Shikamoo tena. Naona niendelee kwa maandishi, maana jambo ni zito na salio ni jepesi.

Kama nilivyokuwa nikisema, ndoa ni tamu. Hakuna aliyeniambia ni tamu kiasi hiki. Machibya akinichemshia chai asubuhi, hata tangawizi inaona haya. Lakini ni wewe uliyekaa mbele ya wazazi wangu ukasema kijana huyu hana kasoro, na sisi tukapiga vigelegele. Mzee, kasoro nimeiona. Naileta kwako kwa heshima zote.

Video ya harusi yetu imo ndani ya kompyuta ambayo mume wangu ameiunda kwa mikono yake (mikono ile, Mzee!). Ametia diski mbili za SSD, zile za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka. Anataka ziishi kama mke na mume: kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe papo hapo kwenye ya pili, ili moja ikifa, nyingine ibaki na kila kitu. Mpango huo unaitwa RAID, sisi tunasema redi. Aliponieleza nililia. Sijapata kusikia mapenzi yakielezwa vizuri hivyo.

Tunachobishania ni nani azisimamie. Machibya anataka redi ya ndani, iliyokuja na madabodi yenyewe, ule ubao mkuu wa kompyuta, na ndiyo ameiwasha kwa sasa. Mimi nataka redi ya kadi, ile inayonunuliwa peke yake ikachomekwa. Usidhani nadeka. Ndani ya video hiyo bibi yangu anacheza, fimbo yake kaitupia begani, na bibi yule hachezi mara mbili. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Redi ya ndani haina akili yake mwenyewe, inaazima ya kompyuta, kama kamati ya harusi isiyo na mwenyekiti. Kadi nzuri ina akili yake na betri yake. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, inashikilia maneno kifuani mpaka umeme urudi. Nani asiyetaka mume, samahani, kadi ya namna hiyo?

2. Mume wangu ananijibu kwa sauti nzuri kupita kiasi. Anasema diski hizi zina mbio sana, na kadi ya kubahatisha itakuwa sawa na kupitisha ng'ombe wa kijiji kizima kwenye mlango wa banda la kuku. Anasema pia kadi ikifa, tutamtafuta pacha wake madukani hadi tuzeeke. Haya yote anayasema huku akitabasamu, na akitabasamu mimi nasahau hoja zangu. Naomba akatazwe rasmi kutabasamu wakati wa mjadala wa kiufundi.

3. Jumamosi alikuwa barazani akiongea kwa simu na rafiki yake Obedi, muuza vipuri vya kompyuta. Unajua kwetu r na l zinalala kitanda kimoja. Basi mtaa mzima ukasikia: "Obedi, mimi ledi ya ndani inanitosha! Hii ya kadi, mke wangu ndiye anaing'ang'ania!"

Mama mkwe alikuwa anachambua dagaa. Kwake yeye ledi ni mwanamke, na kadi ni ya harusi. Akaweka ungo chini.

"Machibya! Hiyo ledi ya kadi ni nani? Pilau ya harusi hata haijatutoka mdomoni!"

Naye, maskini, akajibu bila kugeuka: "Mama, ni kitu cha kawaida. Wenye uwezo wote wanaweka."

"Na mkeo Odeta anajua?"

"Mama, si ndiye anayeitaka!"

4. Kufikia jioni shangazi yake wa Buhongwa alishapiga simu kuuliza rangi ya sare, na kuomba safari hii asiachwe nje ya kamati. Mwalimu wa kwaya alikuja kuniombea. Jirani yetu Mama Nurudin alinishika mkono akasema hata kwao, ambako mke wa pili anaruhusiwa, bibi harusi huachwa kwanza hina imfutike. Nikaangua kicheko, yeye akadhani nimechanganyikiwa, akaniletea uji.

5. Kwa kuwa sasa nimeelewa kwamba kitu kimoja pekee ni hatari, naomba uamuzi wako uende mbali kidogo. Kwanza, utamke mbele ya familia zote mbili kwamba kadi inunuliwe. Pili, Machibya atozwe faini ya mbuzi wawili wanaofanana, mmoja akifa tusikose. Tatu, na hili nalisema kwa mapenzi, utafutiwe mshenga wa pili anayefanana nawe, anayejua yote unayoyajua, maana umri unakwenda. Mimi kwa upande wangu nimeshaanza. Juzi nilinunua sato wawili wa urefu mmoja, mmoja wa kula na mmoja wa akiba. Huyu wa akiba sasa ananuka, lakini kanuni ni kanuni.

Nisalimie Mama hapo nyumbani, wajukuu, majirani wa pande zote, na yule jogoo aliyewika wakati wa kujadili mahari tukasema ni baraka.

Wako kwa adabu, mwenye furaha isiyozimika hata umeme ukikatika,

Odeta, mke wa Machibya (bado napenda kuliandika)

Tanbihi: Mzee, nilipomaliza tu kutia sahihi, Machibya aliniita. Amekubali kadi! Kwa furaha tukaanza kusafisha kompyuta ili tuipokee vizuri. Tukaona jalada la HARUSI. Nikasema, si vyote viko viwili, hili moja tulifute tupate nafasi? Alikuwa ananitazama mimi, hakuwa anatazama kompyuta, akasema ndiyo. Tukabonyeza pamoja, mkono wake juu ya mkono wangu, kama siku ya kukata keki. Diski ya kwanza ikafuta. Ya pili, kwa utii wa ndoa, ikafuta papo hapo. Machibya anasema ingekuwa ya ndani au ya kadi, zote zingefuta vilevile: redi hulinda diski inayokufa, hailindi wapendanao. Kwa hiyo malalamiko yote nayaondoa. Mpiga video naye hana tena, ila anasema alikupa wewe nakala kwenye flashi moja siku ileile. Nakusihi usiichomeke popote, usiiazimishe kwa mtu wa kurekodi nyimbo, hata vumbi usiifute. Siku hizi Busisi tunapita darajani, hatusubiri kivuko, hatuna kisingizio. Kabla mwezi huu haujaisha utatuona mlangoni, kila mmoja na flashi yake tupu mkononi, tumekuja kumchukua bibi na fimbo yake.