Mihuri Mitano ya Gudini

Jumatatu, 12 Mei
Meli mbili gatini. Miguu inauma, mgongo unauma. Miaka thelathini na tano ya kusambaza barua hapa Bermuda haikuniachia kitu kingine.

Mke wangu Ianthe anaosha vyombo kwenye dirisha linalotazama meli. Nilimwahidi tutapanda moja. Nilimwahidi kwenye fungate! Sasa pale Gudini, walikokuwa wakikarabati manowari za Mwingereza, wanagawa kadi. Ukigongewa mihuri mitano kwenye vituo vitano, jina linaingia kwenye droo ya Alhamisi. Zawadi ni safari ya meli, watu wawili. Wageni tu. Sisi wazaliwa, hola!

Nikavaa shati la maua, nikajipaka krimu nyeupe puani. Duka la keki za ramu. Nikafungua mlango, mdomo ukaniponza: “Habari za asubuhi!” Binti wa dukani akaangua kicheko. Akauliza ni mgeni gani anayesalimia kabla ya kuuliza choo kiko wapi. Nikatoka mikono mitupu. Laana ya malezi mema.

Jumanne, 13 Mei
Siku ya kujifunza ufidhuli. Nimeanza na basi. Nikapanda kimya, nikakaa. Dereva akazima injini.

“Mzee Clarkson, kwani tulilala pamoja hata usinisalimie?”

Abiria wakaguna. Bibi mmoja wa kanisani kwetu akaniuliza kama nimepata kiharusi. Nikageukia dirisha. Dereva akasema basi haliendi mpaka nisalimie, naye hana haraka. Nikashuka, nikatembea hadi Gudini. Jua kali, ole wangu!

Lakini nikarudi dukani kwa keki. Zamu nyingine, kijana mgeni kazini. Sikusalimia, nikanyoosha kadi tu. Muhuri! Kwa wapuliza vioo vilevile. Miwili! Dunia inawapendelea wasio na adabu.

Jumatano, 14 Mei
Muhuri wa tatu, ngomeni. Wa nne, ngazi za kivuko. Hapo ndipo pabaya.

Karani ameinua muhuri. Ghafla nasikia “Clarkson! Habari za saa hizi?” Ianthe! Amebeba begi la wazee wawili wa Ohio waliopotea njia, anawapeleka kivukoni. Karani akanitazama. Nikamtazama mke wangu kama natazama nguzo ya taa, nikageuka. Muhuri ukagongwa.

Jioni chewa wa chumvi na viazi, vimepoa. Sahani yangu tu. Ianthe akasema shati angelisamehe, na krimu pia. Lakini hajawahi kupitwa kimya na mtu anayemfulia soksi. Nikaeleza ni kwa ajili yake. Akasema ajili yake iko jikoni, nikaiulize.

Niliumia. Kweli niliumia.

Alhamisi, 15 Mei
Muhuri wa mwisho uko mnara wa saa, na anayeugonga ni Wendell Bascome. Tulibeba barua pamoja, na kila mwaka alitaka njia yangu kwa sababu haina vilima. Nilijua ni yeye. Nilidhani macho yake yamezeeka.

Akajifanya hanifahamu. Akauliza kwa upole, mgeni, sasa ni saa ngapi? Nikatazama juu. Saa nne na robo. Akasema mbona saa ya mnara wa pili inaonyesha saa saba. Nikamwambia hiyo si ya muda, inaonyesha maji yatajaa lini. Nikamweleza inavyosogezwa kwa mkono kila siku. Nikaeleza mpaka watalii wakakusanyika.

Wendell akapiga makofi. Watalii wakapiga makofi. Akaichana kadi vipande vinne.

“Karibu sana Bermuda, mgeni.”

Mshenzi!

Droo ikafanyika. Walioshinda ni wale wazee wa Ohio. Bibi ametapika tangu walipong'oa nanga, hataki hata kusikia neno meli. Wakampa Ianthe tiketi zote mbili. Kisa? Ndiye mtu wa kwanza kuwasalimia.

Ijumaa, 16 Mei
Ianthe ameketi na tiketi mezani. Moja yake. Ya pili ni yangu au ya dada yake Merle, nichague mwenyewe. Nikiitaka, kabla ya kanisa Jumapili niwasalimie wote niliowapita wiki hii, mmoja mmoja, kwa mdomo wangu. Nianze na dereva, nimalizie na yeye Ianthe.

Machozi yalinilenga. Anataka twende wote! Nimekubali mara moja.

Jumamosi, 17 Mei
Dereva yuko zamu ya mbali. Bibi wa kanisani anakaa kilimani. Miguu imevimba. Nimepumzika.

Jumapili, 18 Mei
Nimepata njia! Wendell anakwenda kanisani na kila mtu atakuwepo. Nitampa orodha awasalimie kwa niaba yangu. Salamu ni salamu. Nimeanza kuiandika kwenye ukurasa wa nyuma wa shajara hii, majina tisa.

Ianthe amesimama mlangoni na kofia ya kanisani. Amesema, “Habari za asubuhi, Clarkson.” Nimempungia mkono asinikatize, nimefika jina la saba.

Bado amesimama. Sasa ameondoka. Namsikia kwenye simu, anamwambia Merle atafute sanduku la safari.

Merle anakwenda wapi?