Siku Papa Édouard Alipokata Shauri Juu ya Diski

Enyi mkaao mtaa huu wa Ndosho, hapa Goma, na pembe zake zote, enyi wauza makala ya kupikia na mafundi cherehani, enyi waendesha pikipiki mnaongoja abiria mguu mmoja ukiwa chini, zimeni redio zenu, tulizeni watoto, sogezeni viti! Njooni muisikie habari kubwa kabla haijanipasua kifua. Nitawasimulia vita iliyopiganwa ndani ya nyumba ya mbao, juu ya mawe meusi ya mlima wetu wa moto, vita isiyokuwa na mkuki wala ngao, ambamo silaha pekee iliyochomolewa ilikuwa bisibisi. Mimi ninayenena hapa ni jirani, nakaa ng'ambo ya ukuta. Na mbao za ukuta ule, Mungu azibariki, zina nafasi kati yake. Sikuambiwa na mtu. Nilisikia kwa masikio haya, na nisiposikia vizuri nikachungulia.

Nimtaje nani kwanza kama si shujaa mwenyewe? Ndiye Kambale Édouard, mwana wa mji wa Butembo, mwalimu wa kwaya ya parokia, Mwenye-Sauti-Nene, Mpima-Mambo, Simba-Asiyekurupuka. Mtu huyu hakuogopa kitu chini ya jua ila kimoja, nacho ni kusema ndiyo ama hapana. Alipotaka kuupaka rangi mlango wake, alisita kati ya kijani na bluu msimu mzima wa mvua, hata mlango ukaoza ungali unangoja. Mwanawe wa pili anaitwa Lévi kwa sababu padri, maji ya ubatizo mkononi, alichoka kumsubiri baba achague jina, akachagua yeye.

Na kompyuta ya nyumba ile, ee jamani, nani asiyeijua? Iliingia mtaani juu ya chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, imeviringishwa blanketi, nasi tukaipigia vigelegele. Lakini ndani yake mlikaa diski ya kizamani, ile ya kuzunguka, na kila ilipozunguka ilipiga kite: krrr, krrr, tak. Halafu kimya. Nasi majirani tukasema, leo imekufa. Halafu krrr tena! Toka kubonyezwa kwake hadi kufunguka kwake, mwanamke aliweza kuchagua maharagwe, kuyaosha na kuyateleka, tena bila haraka.

Sasa tegeni sikio, maana hapa ndipo mambo yanapoanzia. Jioni ya kwanza kabisa, umeme uliporudi, Papa Édouard alibonyeza, mashini ikanguruma, kioo kikabaki cheusi. Ndipo mama yake mzazi, Mama Perpétue, ambaye wajukuu humwita Mukaka, akachomoa rozari yake akasema, "Batoto, tusali, hii kitu iko na taabu." Wakasali makumi yote matano ya rozari. Na wallahi, katika ile Amina ya mwisho kioo kikawaka! Toka siku ile ikawa sheria ya nyumba: umeme ukirudi jioni, kidole cha Édouard kwenye kitufe, rozari mkononi mwa Mukaka, na watu wote wameketi. Lévi aliwahi kujaribu kuiwasha peke yake bila sala. Umeme ukaondoka mashini ingali inapiga kite. Tangu hapo hakuna aliyethubutu.

Aliyeinuka kuvunja amani hiyo alikuwa Mama Wivine, mke wa shujaa, Vidole-vya-Radi, Malkia wa Kibodi. Huyu hupiga chapa programu za harusi na za mazishi kwa mtaa mzima. Na siku moja bwana harusi mmoja alikuja kuchukua programu zake, akakuta mashini bado inaamka, akakaa, akasali na wao makumi mawili, akatazama saa, akaenda kuoa bila karatasi. Wivine alilia siku ile, nilimsikia. Alipofuta machozi akaanza kuweka akiba, na Jumamosi ninayoisimulia akarudi nyumbani na diski mpya, ile inayoitwa SSD, kitu chembamba cha kulala kwenye kiganja, akaiweka katikati ya meza.

"Papa Daniella," akamwita mumewe kwa jina la binti yao mkubwa, "hii njo diski mupya. Useme neno moja tu, wanaifunga ndani ya mashini leo."

Shujaa aliitazama. Akaigeuza. Akairudisha ilivyokuwa.

"Tuone kwanza," akasema.

Aka! Tuone kwanza! Wivine aliyatarajia maneno hayo, kwa maana nyuma yake mlangoni alikuwa amesimama fundi Birindwa Jean-de-Dieu, aliyetoka upande wa Bukavu, Mwenye-Mkoba-wa-Bisibisi, mtu anayependa kusema kuliko kufungua kitu chochote. Akaingia, akakohoa, akanyoosha mkono juu ya meza kana kwamba yuko mimbarini.

"Muzee Édouard! Mama Perpétue! Ninyi wote! Ile diski ya zamani iko inazunguka, inatafuta, inachoka, sawa mutu mwenye anatafuta funguo katika nyumba ya giza. Hii mupya haizunguke. Haitafute. Haichoke! Unabonyeza tu, unakuta iko nakungoja. Mimi Birindwa nimezifunga Ndosho, nimezifunga hata mu muji wa Kiwanja, na hakuna mutu alirudi kulalamika. Hakuna!"

"Haina sauti?" akauliza Mukaka kutoka kwenye kiti chake.

"Hata kidogo, mama. Njo uzuri yake."

"Kitu haina sauti, utajua namna gani kama iko muzima?" Mukaka akakunja kanga yake magotini. "Hata muwizi hana sauti."

Weee! Nilijishika mdomo nyuma ya mbao nisicheke. Birindwa alirudi hatua nyuma, lakini hakuanguka. Akaeleza juu ya joto, kwamba hii mpya haipati moto. Mukaka akasema Goma haijakosa baridi. Akaeleza kwamba haivunjiki ikianguka. Mukaka akauliza ni nani katika nyumba hii anapanga kuiangusha. Kila mkuki wa fundi ulikutana na ngao, na katikati yao alikaa Édouard, akigeuza kichwa huku na huku, akijisugua kidevu, jasho likimtoka.

Ndipo Wivine akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akanena kwa upole.

"Mama, mimi siko nakushindana. Lakini mupate kuona kazi yangu. Watu wako na maiti nyumbani, wanataka programu leo, mimi ninawaambia mungoje mashini isali kwanza. Wanaenda kwengine. Mama, ninachoka."

Mukaka alizungusha punje za rozari yake bila kusali. Kisha, na hapa mimi mwenyewe niliacha kucheka, akasema wazi.

"Wivine, mutoto yangu, mimi sichukie ile kitu yako. Sikiliza. Asubui ninyi wote munatoka. Jioni kila mutu na telefoni yake, kila mutu na njia yake. Ni ile mashini tu njo inawakalishaka hapa. Kati ya makumi na makumi ninauliza, tuombee nani? Hapo njo nilijua Lévi eko na goti inamuuma. Hapo njo nilijua Daniella anaogopa egzamini mupaka halali. Hakuna mutu alinambia pahali pengine. Sasa ikifunguka mara moja, mimi nitawaona wapi?"

Daniella akaangalia miguu yake. Lévi akajishika lile goti. Hata Birindwa, mtu wa maneno, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Basi macho yote yakamgeukia shujaa! Huku machozi ya mke, huku upweke wa mama, na hakuna padri karibu wa kumwamulia. Akainuka. Akatoka uani. Akalizunguka pipa la maji, akalizunguka tena, akasimama mbele ya ule mlango uliooza. Nikamfuata kwa macho toka ufa hadi ufa, nikisema kimoyomoyo, Édouard, baba, leo tu, sema kitu! Akaupiga mlango ule teke dogo. Kipande kikaanguka. Akaingia ndani kifua mbele, na sauti yake nene ikatikisa vikombe kabatini.

"Ifungwe!"

Yesu na Maria! Nilikaa chini. Wivine alipiga kelele ya furaha akajiziba mdomo. Naye shujaa akamgeukia mama yake akaweka mkono juu ya kifua.

"Na wewe mama, minakuahidi. Sala haitakufa. Siku zote sisi tulingoja mashini. Sasa mashini itatungoja sisi."

"Mutakimbia sala," akasema Mukaka.

"Hatutakimbia."

"Tutaona," akasema Mukaka.

Birindwa akachomoa bisibisi yake, ikameta, akaishukia kompyuta. Skrubu zikatoka, vumbi likapaa, mende mmoja akahama na jamaa yake. Kuhamisha vitu vyote toka diski ya zamani kwenda mpya kulichukua alasiri nzima, kwa bahati umeme Jumamosi ile haukukatika. Mimi nilipika, nikala, nikaosha sahani, nikarudi ukutani, na ile diski kongwe ilikuwa bado inapiga kite ikitoa mizigo yake ya mwisho. Ilipotolewa, Birindwa alitaka kuitia mkobani. Mukaka akanyoosha mkono.

"Hiyo niachie. Imesali na sisi."

Akaifuta kwa ncha ya kanga, akaiweka kabatini miguuni pa sanamu ya Bikira Maria, akaipigapiga kidogo. "Pumzika, mutoto yangu," akaiambia.

Jua likashuka. Wote wakaketi mahali pao, rozari mikononi, na Birindwa naye akaketi, kwa kuwa alitaka kusifiwa. Édouard akanyoosha kidole, akabonyeza. Mukaka akaanza ishara ya msalaba.

"Kwa jina la Baba, na la Mwana..."

Ting!

Kioo kimewaka! Roho Mtakatifu hajatajwa bado, na kioo kimewaka, chote, na picha ya kwaya imesimama pale ikicheka! "Ayiii!" akalia Lévi. Daniella akaruka. Wivine, nawaapia, vidole vyake viliinuka vyenyewe hewani vikaanza kupiga chapa upepo. Hata shujaa! Hata Édouard alisogea mbele na shingo ndefu, maana nyimbo za misa ya kesho zilikuwa mle ndani zikimwita. Birindwa akapanua mikono apokee sifa.

Kisha Édouard akageuka, na akamwona mama yake. Mukaka alikuwa ameacha ishara ya msalaba njiani. Alikuwa anaikunja rozari yake kiganjani, taratibu, punje juu ya punje, bila kumlaumu mtu.

Enyi wasikilizaji, wako watu waliovuka mito yenye mamba. Wako waliopanda mlima wetu ukitoa moto. Lakini ni nani alitenda hili? Kambale Édouard, mbele ya kioo kinachowaka, mbele ya nyimbo zake mwenyewe, alichukua kile kitambaa cha kufumwa kinachofunikaga kompyuta isiingie vumbi, akakikunjua kwa mikono miwili, akakitandika juu ya mwanga ule wote.

"Kaeni chini," akasema. "Itangoja. Mama, anza upya."

Wakakaa. Wivine alikuwa wa kwanza, akaficha vidole vyake chini ya mapaja vitulie. Na Mukaka akakunjua rozari, na sauti yake ikashika njia. Kati ya makumi na makumi akauliza, tuombee nani? Daniella akasema jina la rafiki aliyehamia Rutshuru. Wivine akasema, tumuombee yule bwana harusi aliyeoa bila programu. Na mimi nyuma ya mbao nikasahau kwamba nilikuwa nimejificha, nikaitikia "Utuombee!" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wote wakageukia ukuta.

"Mama Louise," akaita Mukaka, "ingia basi. Huko kwa ukuta hakuna kiti."

Nikaingia, ndugu zangu, nikaingia na aibu yangu, nikapewa kigoda, tukamaliza pamoja. Amina ya mwisho ilipotoka, kitambaa kilivuliwa, na mashini ilikuwa pale pale, inawaka, inangoja. Tukapiga makofi.

"Sasa nani aanze?" akauliza Lévi.

"Mimi, niko na programu!" akasema Wivine. "Mimi, niko na devoire ya masomo!" akasema Daniella. Na wote wakamgeukia mshindi wa siku, Mkata-Shauri, Mwenye-Kusema-Ifungwe, atoe hukumu. Édouard akafungua mdomo. Akaufunga. Akajisugua kidevu.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Nifikiri."

Wivine akajipiga paji la uso. Watoto wakaangua kicheko, Birindwa akakoroma kwa kucheka, nami nilikuwa karibu kuanguka toka kigodani. Mukaka tu hakucheka. Aliegemea kiti chake, akatuangalia mmoja mmoja, wote tumekaa, hakuna aliyeondoka, na uso wake ulikuwa umefurahi kabisa.

"Mumuache afikiri," akasema. "Wivine, teleka chai."